Pistoni ya Msimu wa Senene

Izigo, Jumatatu 6 Oktoba 1975

Nimeandika tarehe tu na kalamu tayari inatoboa karatasi. Byabato ameua pikipiki.

Byabato ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji. Pikipiki ni ya zahanati. Daktari wa misheni aliiacha alipokwenda kwao, akasema mbele ya watu wote kwamba ni ya mkunga, na mkunga hapa ni mimi, hakuna mwingine. Lakini kwa Byabato kila kitu siku hizi ni mali ya kijiji, na kijiji ni yeye. Jumamosi aliichukua kwenda Nshamba kwa wakwe zake. Leo asubuhi imerudi ikisukumwa na wanaume waliolowa jasho, yeye anatembea mbele na koti lake begani.

"Uliweka petroli?" nikamwuliza.

"Niliweka. Tena safi, petroli tupu."

"Na oili?"

"Oili ya nini kwenye petroli? Bibi Mkunga, unataka niichafue?"

Jamani! Nimemwambia mara ngapi? Injini hii haina mahali pengine pa kuwekea oili. Inachanganywa na petroli humo humo kwenye tangi, na ndiyo inayolainisha pistoni ikipanda na kushuka. Ukiinyima oili, pistoni inachemka, inakwaruza silinda, inashikana nayo. Imenoki. Nimekanyaga kiki kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba, haikusogea.

Wifi yangu Kokushubila alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. Atajifungua kabla ya Krismasi, na mumewe, kaka yangu, yuko Mwanza kiwandani. Mwaka jana, mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika wakati pikipiki iko Nshamba kama kawaida. Tulimpandisha mlima kwa machela hadi hospitali ya misheni. Sisi tulifika, mtoto hakufika. Siandiki zaidi, nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kugombana.

Jumanne 7 Oktoba

Mvua. Nimewazungukia waja wazito kwa miguu. Matope mpaka magotini.

Ijumaa 10 Oktoba

Nimefika Bukoba mjini juu ya lori la kahawa, pikipiki imelazwa kwenye magunia na mimi nimeishika usukani njia nzima kama mgonjwa wangu.

Fundi anaitwa Gamaliel. Ni Mlutheri, anafanya kazi huku anaimba tenzi, na anajisifu kati ya ubeti na ubeti. Alifungua injini akanionyesha. Pistoni imeliwa upande mmoja, na ringi zimejifunga ndani ya mifereji yake. Ukuta wa silinda una michirizi unayoweza kuihisi kwa ukucha. Akasema silinda itachongwa kwa mashine mpaka iwe laini tena. Ikichongwa itapanuka kidogo, kwa hiyo nitafute pistoni kubwa kuliko ile ya kwanza, saizi inayofuata.

"Nitafute wapi?"

"Aa, hilo sasa ni lako na Mungu," akasema, akarudi kwenye utenzi.

Jumatano 15 Oktoba

Duka la vipuri. Nimesimama kwenye foleni nusu ya siku nyuma ya watu waliodhani kuna sukari. Muuzaji ameketi chini ya bango la kilimo, anachokonoa meno.

Akanipa pistoni. Nikaipima kwa kipimo nilichoazimwa na Gamaliel. Ni saizi ile ile ya zamani! Nikamwambia hii itapwaya, itacheza ndani ya silinda kama punje ya kahawa ndani ya debe.

"Mama, pistoni ni pistoni. Zote ni za duara."

"Na viatu vyote ni vya miguu. Nikupe vya mtoto uvae?"

Foleni ikacheka, yeye akanuna. Akasema nikiikataa hii nitasubiri meli ijayo, na meli ijayo hakuna aliyeambiwa inakuja lini. Nimeikataa. Mtu anakupa kitu kibovu kwa uso mkavu, na anataka ushukuru kwa sababu ndicho kilichopo!

Jumamosi 18 Oktoba

Gamaliel amepata nyingine kwa rafiki yake. Upana wake sawa kabisa. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, nikaiweka kando ya ile ya zamani mezani. Tundu la pini liko chini zaidi! Maana yake kichwa cha pistoni kitapanda juu kuliko inavyotakiwa.

"Nitaipiga tupa kidogo pale juu," akasema.

"Tupa! Kichwani pa pistoni!"

"Wewe ni mkunga au fundi?"

"Mimi ndiye nitakayeikalia mlimani na mwanamke mwenye uchungu nyuma yangu. Wewe utakuwa hapa unaimba."

Akairudisha tupa kwenye kisanduku. Nilidhani amekasirika, kumbe anafikiri. Akaniambia niende Ijuganyondo kwa mjane mmoja, Bibi Klaudia. Marehemu mumewe alikuwa fundi, na alikuwa hatupi kitu.

Jumatatu 20 Oktoba

Bibi Klaudia ana chumba kizima cha makopo ya maziwa, na ndani ya makopo kuna kila kitu ambacho duka la vipuri halina. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akanisimulia marehemu kutoka ujana mpaka mazishi, nami nimekaa juu ya miiba. Mwishowe akafungua kopo. Pistoni imefungwa kwenye gazeti la zamani, imepakwa grisi, ringi zake na pini yake pembeni. Nikapima upana, nikapima tundu, nikapima tena. Ndiyo yenyewe.

Nikafungua pochi. Akanishika mkono.

"Hela nitanunua nini nayo, mwanangu? Madukani kuna nini? Niletee senene wakianguka. Mimi miguu haiwezi tena kuwakimbilia, na sina mkwe wa kuniletea."

Nimemwahidi kopo lile lile likiwa limejaa panzi wale watamu wa msimu wa mvua.

Alhamisi 23 Oktoba

Silinda imechongwa, inang'aa. Leo Gamaliel amefunga pistoni, nami nimekaa pembeni kumchunga. Nikaona mshale uliochorwa juu ya kichwa umeelekea kwenye kabureta. Nikamwambia mshale unatakiwa uelekee tundu la moshi.

"Ule ni pambo tu."

"Gamaliel, nani anapamba kitu ndani ya injini, mahali ambapo hakuna mgeni anayeingia?"

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akaigeuza. Hakuomba radhi, lakini alinipa chai yake.

Amenipa masharti. Pistoni mpya na silinda iliyochongwa upya hazijazoeana. Mpaka wiki za mwanzo ziishe, gesi nusu tu, hakuna kupakia mtu, hakuna kupanda mlima kwa nguvu. Kila baada ya mwendo kidogo nisimame injini ipoe, na oili niizidishe kidogo mwanzoni. Lakini iendeshwe kila siku, isilale. Nikiiharakisha itashikana tena, na silinda haitastahimili kuchongwa mara nyingine.

Jumapili 26 Oktoba

Hata sijavua viatu vya kanisani, Byabato huyo mlangoni. Amesikia pikipiki imepona. Ana kikao Muleba kesho.

Nimemweleza yote, pistoni, silinda, kuzoeana. Akasikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza kichaa.

"Bibi Mkunga, mimi naendesha taratibu."

Wewe? Wewe uliyekimbiza mbuzi wa padri mpaka mtoni? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, Mama akatoka jikoni. Mama yangu, Kokugonza, ni mzee mdogo wa umbo lakini akisema watu husimama. Akaitandikia pikipiki kanga yake mpya, akasema kwa heshima zote, kwa sauti ya kufika barabarani:

"Waitu Mwenyekiti, huyu ni omugole. Ameingia nyumbani juzi. Kwenu mgole hutumwa kuni?"

Majirani walikuwa wanapita kutoka kanisani. Wakaangua kicheko. Kwetu sisi mgole, yaani bibi harusi, hukaa ndani kwanza, analishwa, anapakwa samli, hashiki jembe wala mtungi mpaka siku atakayotolewa nje. Kumtuma kazi ni aibu ya ukoo mzima. Byabato akacheka nao kwa shida, akasema kesho ataenda Muleba kwa baiskeli.

Nimembusu Mama. Miaka yote naeleza mambo ya injini, hakuna anayesikia. Yeye kasema neno moja.

Jumatano 29 Oktoba

Gesi nusu mpaka kanisani na kurudi. Injini inaimba vizuri kuliko Gamaliel.

Jumatatu 3 Novemba

Mvua na upepo. Watoto wananiimbia njiani, "Mgole huyo, mgole huyo!" Wakubwa wananipisha. Mzee mmoja amenipa mkungu wa ndizi wa kumkaribisha mgole. Nimeupokea, ningefanya nini?

Nimekubaliana na wifi kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio nitampeleka hospitali asubirie huko huko. Taratibu, kwa mapumziko. Ameitikia kwa kichwa. Tangu mwaka jana haongei sana, na sijui kama ananiamini.

Jumatano 12 Novemba

Senene wameanguka! Kijiji kizima kiko nyasini na vikapu. Kokushubila naye na tumbo lake, ameinama anachota senene kwa mikono miwili. Nimemfokea aketi. Amenijibu, "Wifi, naomba nifurahi kidogo." Nimeona haya.

Ijumaa 14 Novemba

Naitwa semina Muleba ya watumishi wa afya. Naenda kwa lori. Pikipiki nimemwachia Mama, imefunikwa.

Jumatano 19 Novemba

Nimerudi, nimewasha injini, moshi umejaa ua mzima. Moshi wa bluu, mzito, kuku wamekimbia. Injini inakohoa, plagi imelowa.

Mama ametoka anatabasamu. "Umeona alivyonona?"

Yesu wangu! Aliposikia nikisema oili izidishwe kidogo mwanzoni, akaona ni sawa kabisa, mgole lazima alishwe. Akamimina kopo zima la oili kwenye tangi. Kopo zima! Oili niliyoipata kwa kupiga magoti! Na juu ya injini amepaka samli, ili ngozi ing'ae.

Nimemfokea Mama yangu mzazi. Nimesema, "Mama, hiki ni chuma, si mtu!" Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyesema kinazoea." Akaingia ndani, hajatoka kula. Plagi nimeisafisha. Tangi nitalimwaga kesho nichanganye upya.

Alhamisi 20 Novemba

Sikumwaga, kwa sababu pikipiki haipo!

Nilikuwa zahanati, Mama shambani, ufunguo shingoni mwangu. Byabato amekuja akatia ufunguo wake, akaondoka. Kumbe ana ufunguo wake! Tangu lini? Aliuchonga kwa nani? Miaka yote namkabidhi ufunguo mkononi na kumsihi, kumbe ananichezea tu!

Amekwenda Nshamba kuwapelekea wakwe senene. Senene! Pistoni niliyoitafuta kwa jasho inapandishwa mlima na begi la senene. Nimekwenda kumwambia mkewe. Mkewe amesema, "Na mimi sijaonja hata mmoja," tukakaa wote wawili tumekasirika.

Jumapili 23 Novemba

Naandika ya Ijumaa.

Asubuhi Kokushubila aliita. Maji yalikuwa yameshatoka, na damu, damu ambayo mkunga yeyote akiiona hatazami mara ya pili. Majilio hata hayajafika. Nikapiga kelele, majirani wakaja na machela. Ile ile ya mwaka jana. Wifi alipoiona aliisukuma, akasema, "Si hiyo, wifi, si hiyo." Hatukuwa na nyingine. Tukaondoka, Mama anakimbia pembeni.

Barabarani, chini ya mlima, tukasikia injini. Byabato! Anarudi kutoka Nshamba, shati wazi, jogoo wa wakwe amefungwa nyuma. Nilisimama katikati ya njia mikono imetanda. Alisimama. Nilimvuta kwa kola, sikumbuki nilisema nini, Mama anasema ni bora nisikumbuke.

"Usiwe na wasiwasi," akasema, "nimeijaza tangi jana kule kule. Petroli safi, tupu."

Petroli tupu, pistoni changa, mlima mzima mbele yetu. Mara hii ingeshikana njiani na ndio ungekuwa mwisho. Nikafungua tangi, nikachovya kidole. Kiliteleza. Nikanusa, nikachovya tena. Kinateleza bado! Kopo la Mama lilikuwa humo. Petroli ya Byabato ilikuwa imekuta tangi la mafuta mazito na kulizimua tu. Kama Mama asingelisha mgole wake, injini ingefia Nshamba. Nikamtazama Mama, naye akaangalia pembeni, bado amenuna.

Nikamfungua jogoo, nikampandisha wifi nyuma, tukafungwa pamoja kwa kanga ya Mama, tumbo lake mgongoni kwangu. Kila sharti la Gamaliel lilivunjwa pale pale, isipokuwa moja. Gesi nusu.

Yeye analia, "Kimbia, wifi!" Mkono wangu unataka kukaza mpaka mwisho. Sikukaza. Katikati ya mlima nikahisi mguuni joto la injini linapanda, na sauti inaanza kukauka. Nikazima, tukasimama.

"Mbona umesimama?"

"Injini ipoe."

"Na mimi je? Mimi nipoe?"

Ee Mungu. Nilisimama pale, damu yake inashuka juu ya kiti, nami nasubiri chuma kipoe. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Byabato dakika zile. Nikamweleza wifi: nikikaza sasa, itakufa hapa, na hakuna machela itakayotukuta mapema. Alikuwa amenikaba kiunoni. Akapumua. Akasema, "Basi ngoja. Ngoja vizuri." Nikajua ananiamini.

Tulisimama tena juu zaidi. Kisha tukaona mabati ya hospitali.

Walimpasua. Ni msichana. Alilia kabla hata hawajamaliza kumfuta, akalia kwa hasira, nikasema huyu wa kwetu.

Jumatano 26 Novemba

Nimempelekea Bibi Klaudia kopo lake la senene, wa kukaanga. Gamaliel ameikagua injini, amesema pistoni iko salama. Nilipomweleza alivyolishwa mgole, ameomba nirudie tangu mwanzo. Mama nimemwomba radhi. Amesema atafikiria.

Jumanne 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru

Mkutano wa kijiji. Ngoma, hotuba, halafu katibu akasimama kumshukuru Ndugu Mwenyekiti, ambaye kwa moyo wa kijamaa alikatisha safari yake ili kuokoa mama na mtoto. Makofi! Byabato akasimama akapunga mkono! Damu ikanipanda kichwani. Nikainuka niseme yote, nguo yangu ikavutwa. Ni Kokushubila. Akasimama yeye, mtoto mgongoni, bado anatembea kwa shida.

"Waitu Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, mama, uliza."

"Mwaka jana pikipiki ilikuwa wapi?"

Hakupaza sauti. Byabato akashusha mkono.

"Nshamba."

"Kulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana."

"Kulikuwa na msiba?"

"Hapana. Nilikwenda... kusalimia tu."

"Wangu alikuwa wa kiume," akasema Kokushubila.

Nilitaka kumwona Byabato akiaibika, nimetaka hivyo mwaka mzima. Alipoaibika sikupata raha niliyoitarajia. Uso ulimshuka, akaonekana mzee. Akatia mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wake, akauweka mezani. Mama akapita mbele, akauchukua, akaufunga kwenye kamba, akamvisha Kokushubila shingoni.

"Mgole ametoka nje leo," akatangaza. "Atakayemtaka amwombe huyu."

"Na aje na oili," akasema wifi yangu, akaketi.

Ijumaa 12 Desemba

Byabato ana kikao Muleba. Alikuja asubuhi, akasimama nje ya mlango wa Kokushubila, kofia mkononi, chupa ya oili kwapani. Alisubiri mpaka mtoto akamaliza kunyonya.